Nguvu ya Injini kwa Bidoni za Maji

Niliondoka Nyangwe asubuhi moja bila kujua ninakwenda wapi. Shule nilikuwa nimeiacha katika mwaka wa nne. Sikugombana na mtu. Dirisha la darasa lilitazama mto, na mimi nilitazama dirisha. Asubuhi hiyo mama alikuwa anaanika mihogo. Nikamwambia naenda kutembea kidogo, nitazame.

"Kutazama nini?" akauliza.

"Sijajua bado, mama."

Akanifungia chakula kwenye jani la mgomba, akarudi kwenye mihogo yake. Alikuwa amenizoea.

Ninawaandikia haya ninyi vijana mliobaki na funguo zangu za boliti katika garaji ya Kasongo. Magoti yangu hayataki tena kulala chini ya gari, na mliniomba niwaachie dawa za kuongeza nguvu ya injini. Dawa hizo mnazijua: kusafisha kabureta, kurekebisha valvu, kuweka moto wa buji, yaani plagi, pahali pake. Mimi nitasema namna ya kujua kama dawa imefanya kazi. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika, na jambo lenyewe linanishangaza leo kama lilivyonishangaza siku ya kwanza.

Siku ya kwanza ilikuwa Lusangi, kwenye mashimo ya dhahabu. Nilifika huko kwa sababu lori nililopanda lilikuwa linakwenda huko. Pembeni ya shimo moja nikakuta pikipiki imesimamishwa juu ya magogo, gurudumu la nyuma limevuliwa mpira. Kamba ilizungushwa kwenye chuma cha gurudumu, ikapita juu ya mti uliolazwa, ikashuka shimoni. Mwenye pikipiki, mtu wa Kivu aliyeitwa Bahati, alitia gia, na pipa la maji ya matope likapanda kutoka gizani likijinyonganyonga. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Nilisimama mpaka nikafokewa.

"Weye! Unatafuta kazi ao unatafuta kufa? Toka pale kwa kamba!"

"Papa, ukiongeza bidoni moja ya maji ndani ya pipa, itaweza?"

"Itaweza."

"Na ukiongeza ingine?"

"Itaweza."

"Na ingine?"

"Ingine itazimika, na miye nitakutuma weye chini uyateke na mikono. Toka!"

Nilitoka, lakini neno lile halikunitoka. Kulikuwa na bidoni moja, dumu moja tu la maji, ya ngapi sijui, ambayo injini ingeikataa. Nguvu, kitu ambacho hakuna aliyekiona kwa macho, ilikuwa na mwisho wake, na mwisho huo ungeweza kuguswa kwa maji ya kawaida. Nilibaki Lusangi nikivuta kamba na kuuliza maswali. Bahati alipoosha kabureta yake, pipa lilikubali bidoni moja zaidi. Jirani yake alipaka tangi la pikipiki yake rangi nyekundu na kuapa kwamba sasa inavuta kama simba. Tukaipima. Ilivuta kama jana.

Kutoka hapo nilikwenda Kasongo juu ya magunia ya mpunga, nikaingia kwa Mzee Shabani. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mtu wa mji, wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walifanya biashara humu kabla ya barabara, na garaji yake ilikuwa ua wa nyumba yake. Siku zangu za mwanzo niliosha boliti kwa petroli mpaka ngozi ya vidole ikawa nyeupe. Vyombo vyake vilikuwa vichache, na funguo moja aliitengeneza mwenyewe kutoka spiringi ya lori. Lakini chombo chake kikubwa kilikuwa neno moja. Shofere akija na kusema, "Mzee, nimefanya hivi na hivi, gari sasa iko na nguvu," yeye husema, "Unionyeshe."

Basi wengi waliona haya na kuondoka.

Nilimwuliza gari inaonyeshwaje. Pikipiki unaiweka juu ya shimo. Gari ya tani mbili utaipatia shimo gani?

"Gari haina haja ya shimo," akasema. "Ikipanda mulima, inajiinua yenyewe. Mulima ni shimo lililolala."

Niliacha boliti zangu. Nilitoka nje nikatazama barabara inayopanda kwenye matanuri ya matofali, ambayo nilikuwa nimeipita mara nyingi nikiona mavumbi tu, nikaona kwamba mji mzima ulikuwa umekaa chini ya mizani kubwa na hakuna aliyeitumia.

Namna yetu ya kupima ilikuwa hii. Gari inaanza kwenye jiwe lile lile, gia ile ile, shofere yule yule, petroli kiasi kile kile, mipira imejazwa sawa. Inapanda mpaka kwenye tanuri la juu. Ikifika, unaongeza bidoni moja ya maji nyuma, unarudia. Bidoni ikiizima kabla ya tanuri, ile iliyoitangulia ndiyo hesabu ya nguvu yake. Halafu unabadilisha kitu kimoja kwenye injini, kimoja tu, unapima upya. Mashofere hupenda kubadilisha vitu vitatu pamoja, kisha sifa zote wanaipa picha waliyobandika kwenye kioo.

Kesi ngumu kuliko zote ilikuwa ya Mama Mwavita.

Alikuwa mama wa Wamaza, upande wa Kabambare, mfanyabiashara wa mpunga, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kikundi chao cha wamama kilikuwa kimepata mashine ya kukoboa mpunga. Ilifika Kasongo, ikakaa kwenye ua wa kaka yake chini ya turubai. Huko Wamaza wamama walikuwa bado wanatwanga kwa mikono. Njia ya kwenda kwao ni ya pikipiki na miguu, na tumbo la ile mashine ni chuma cha kumimina, kipande kimoja, hakigawanyiki. Wenye pikipiki walikuja, wakalitikisa, wakamuaga mama kwa heshima na kuondoka.

Vijana wa Wamaza walikuwa wamepanua njia kwa mapanga na kulaza magogo kwenye vijito. Kilichobaki ni mlima mmoja ng'ambo ya Luama. Watu wanauita Shukeni, kwa sababu hilo ndilo neno ambalo kila shofere hulisema akifika pale. Upande mmoja ni ukuta wa udongo, upande wa pili hakuna kitu.

"Mavuno yanakaribia," Mama Mwavita alituambia. "Wenzangu wamechoka kungoja. Wamesema mashini isipofika mbele ya mavuno, tuiachie watu wa hapa Kasongo. Miye niliwaapia wamama wale kwamba watakufa bila kushika mutwangio tena. Sasa nirudie kwao na uso gani?"

Mwenye gari alikuwa Saidi, kijana wa mji, na gari yake Land Cruiser ya petroli kuukuu. Gia ya kwanza ilikuwa imekufa zamani na meno yake hayakupatikana popote. Ilikuwa inaanzia ya pili. Lakini Saidi hakuwa na wasiwasi. Alikuwa amekata kile kikopo cha bomba la moshi kinachonyamazisha sauti, na sasa gari ikiwashwa kuku wa mtaa wote walikuwa wanakimbia.

"Sikia hiyo!" alinipigia kelele. "Pima-Pima, unasikia nguvu hiyo?"

Pima-Pima ndilo jina waliloniita Kasongo. Jina alilonipa mama hawakulijua.

"Ninasikia sauti," nikasema. "Nguvu, unionyeshe."

Kwanza nilikwenda Shukeni kwa pikipiki, na ubao na chupa ya maji. Nililaza ubao barabarani pahali pabaya zaidi, nikaweka chupa juu yake kwa ubavu, nikakwaruza kwa msumari pale maji yaliposimama. Nikarudi na chupa ile mpaka matanuri ya Kasongo, nikaitembeza barabarani mpaka maji yakasimama kwenye ule ule mkwaruzo. Hapo, kwenye mwinuko sawa na wa Shukeni, tukaweka jiwe letu. Mashine tuliipima kwa mizani ya mnunuzi wa mpunga: uzito wake ulikuwa bidoni thelathini zilizojaa. Kazi ikawa wazi. Gari ya Saidi ipande pale na bidoni thelathini, na ibaki na kidogo, maana kule Shukeni ikizimika katikati, itarudi nyuma na mashine, na Saidi ndani yake.

Pamoja na kelele zake zote, haikupita kumi na nane.

Saidi alishuka akatazama mipira, akatazama barabara, akanitazama mimi. "Bidoni zako ni kubwa," akasema.

Tulirudisha kikopo cha bomba: ishirini. Mzee Shabani, ambaye wakati huo alikuwa anafanya kazi amekaa kwenye kiti, alirekebisha valvu kwa mkono wake, nami nikasogeza moto wa buji kidogo kidogo, nikipima kila mara: ishirini na tano. Hapo tukakwama. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na Saidi alikuwa amefunga. Kupanda na kushuka kwenye jua kali bila maji ya kunywa, na maji yamejaa nyuma ya kiti chake, haikuwa kazi ndogo. Akasema, "Tutoe chujio la hewa. Tuache ipumue." Tukalitoa. Niliketi kwenye jiwe chini, yeye akapanda na kushuka, kila mara nikimwongezea bidoni moja.

Ilipanda na thelathini.

Mama Mwavita alipiga vigelegele pale pale barabarani. Saidi alinikumbatia. Mimi pia niliamini; nani asingependa kuamini? Tukapanga kupakia kesho yake.

Jioni hiyo nilipanda kwa miguu kutazama alama za mipira. Kule juu karibu na tanuri mama mmoja alitoka nyumbani kwake akaja kunishika mkono.

"Papa, aksanti. Mungu awaongezee."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa maji! Huku juu hakuna maji, na mwezi huu kila nyumba inapika futari. Yule kijana wa gari ametugawia wote. Iko na roho muzuri."

Niliachia mkono wake. Kisha nikashuka kumtafuta Saidi.

"Saidi, bidoni zangu zilikuwa na maji?"

"Zilikuwa nayo."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka nilipofika juu mara ya kwanza." Akakuna kichwa. "Pima-Pima, wamama wamesimama na ndoo, mwezi wa toba, na weye uko na maji umebeba bure. Ningesema nini? Samahani mama, haya si maji, haya ni uzito?"

"Kwa hiyo thelathini zile..."

"Bidoni zilikuwa thelathini," akasema. "Hesabu yako ilikuwa sawa."

Sikuweza kumkasirikia. Lakini nilitazama ile mashine chini ya turubai, nikaiona ikirudi nyuma kule Shukeni. Asubuhi ingetukuta tunapakia.

Mama Mwavita aliposikia alikaa chini. "Basi imekwisha," akasema.

"Haijaisha, mama. Imerudi pale ilipokuwa."

Toka siku hiyo tulijaza bidoni mchanga, kila moja ikapita kwenye mizani mpaka iwe sawa na ya maji. Mchanga hakuna anayeuomba. Tukapima bila chujio: ishirini na tano, kama mwanzo, pamoja na mavumbi kwenye kabureta. Chujio likarudi pahali pake.

Nilikaa na ile injini siku nzima nikiisikiliza, bonneti wazi. Bonneti wazi, huo ndio ulikuwa udanganyifu. Nilipoifunga na kuingiza mkono kwa chini, hewa iliyokuwa inavutwa na kabureta ilikuwa ya moto kama mvuke wa chungu. Tulikunja bati tukafanya bomba, likachota hewa mbele, pembeni ya taa. Ishirini na nane. Bati bovu la paa la jiko, na gari ikapata bidoni tatu! Nililipapasa lile bati kama mtu anapapasa mtoto.

Kisha ikawa mwisho. Tuliyoyajua yote tulikuwa tumeyafanya. Saidi alitaka kukwangua kichwa cha injini ili mlipuko ubanwe zaidi. Mzee Shabani alikataa: kikipasuka hakuna kingine, na gari itakufa barabarani. Bidoni mbili zilikosekana, na moja ya usalama. Mama Mwavita alikuwa anakuja kila siku, anahesabu bidoni zilizo nyuma ya gari, anaondoka.

Siku moja Saidi alisema, "Leo sitaweza jua. Koo imekauka. Nipime sasa, mbele jua halijatoka, nikalale." Ilikuwa baada ya sala ya alfajiri, ukungu umelala juu ya barabara. Tukapakia ishirini na nane, kwa mazoea tu. Ikapita. Tukaongeza. Ikapita. Kwenye thelathini ilipanda na kupotea ndani ya ukungu, na nikaisikia inafika tanuri.

Aliposhuka nilikuwa nimekunja uso. "Umegawa mchanga?"

"Nani ataomba mchanga, weye mutu?"

Nilizipima zote upya kwenye mizani. Zilikuwa kamili. Tukaongeza moja: ikapanda na thelathini na moja. Mchana, jua likiwa juu, tukairudisha kwenye jiwe: ilifika na ishirini na nane, ya ishirini na tisa ikaizima pale pale pa siku zote. Hakuna kilichoguswa, hata boliti moja.

Nilimkimbilia Mzee Shabani na jambo hilo kama mtu aliyeona jini. Yeye alifikiri kidogo.

"Motere inakula hewa kuliko petroli," akasema. "Umeona gunia la mpunga? Ukilijaza bila kulitikisa, limejaa. Ukilitikisa, unaongeza ingine. Hewa ya baridi imetikiswa."

Miaka yote tulikuwa tunatafuta nguvu ndani ya chuma, tukikata, tukikwangua, na nguvu nyingine ilikuwa inapita mtaani kila alfajiri, juu ya paa za watu waliolala, haina mwenyewe. Sina dini nyingi, lakini siku hiyo nilielewa kwa nini watu huamka saa ile kusema asante.

Tulipima alfajiri kadhaa zaidi, hesabu ikawa ile ile, kisha tukaenda. Tulivuka Luama mchana na kulala chini ya Shukeni, ili mlima utukute alfajiri. Kulipoanza kupambazuka, vijana wa Wamaza walijipanga na magogo ya kukinga magurudumu. Mama Mwavita akasimama nyuma ya gari.

"Mama, toka nyuma!" Saidi akapiga kelele.

"Ikirudi, inikute."

"Ikikukuta, nani ataniongoza kwenu? Toka, mama, tafazali!"

Wamama wawili walimvuta pembeni. Saidi akasema bismillahi, akaanza kwenye tambarare na gia ya pili, akaingia mlimani. Nilitembea kando ya gurudumu na gogo langu. Mwanzo ilikwenda vizuri. Kwenye kona sauti ikaanza kushuka, ikawa nzito, kila pigo la injini likawa peke yake, ungeweza kuyahesabu. Vijana wakainama na magogo. Mimi niliijua sauti ile. Nilikuwa nimeisikia kwenye matanuri asubuhi nyingi: ni sauti ya bidoni ya thelathini, na nyuma yake ilikuwa imebaki moja.

"Usiguse kitu!" nikamwambia Saidi. "Iache! Iko nayo!"

Ikatambaa. Jiwe moja likaruka kutoka chini ya mpira likaenda upande ule usio na kitu, sikulisikia likifika. Ikatambaa tena. Kisha mbele ya gari ikainama kidogo, sauti ikafunguka, na ukungu ukawa chini yetu. Vijana wale walivua kofia. Mama Mwavita alifika akihema, akaweka kiganja juu ya bonneti, akakiondoa kwa sababu ya moto, akakirudisha.

Wamaza sikuwa nimefika hata siku moja. Tuliingia mchana, juu ya magogo na majani mabichi, watoto wakikimbia mbele, wazee wametoa viti nje. Mashine tuliifunga juu ya mihimili iliyokwisha kuchongwa, maana wamama wale waliichonga kabla hata ya kujua kama itafika. Ilipowashwa na mchele mweupe kuanza kutoka, bibi mmoja aliweka mikono miwili chini ya mdomo wa mashine. Ulipojaa hakujua aupeleke wapi, akabaki ameushika hivyo.

Saidi tayari alikuwa amezungukwa, akieleza jinsi alivyopanda na bidoni hamsini.

Nikauliza kama kuna pahali pa mgeni kulala. Mama Mwavita alinipeleka kwa dada yake mkubwa, nyuma tu ya kibanda cha mashine. Chumba kilikuwa kidogo, kimefagiliwa, kitanda cha miti, mkeka mpya, ndoo ya maji ya kuoga imekwisha kuwekwa.

"Utasumbuka na makelele ya ile mashini," dada mtu akasema. "Wamesema hawataizima mpaka mpunga wa leo uishe."

"Hakuna shida, mama."

Nilioga, nikajinyoosha juu ya mkeka, mwanga bado uko mlangoni. Ukuta ulikuwa unatetemeka taratibu. Maisha yangu yote nilikuwa sijasikia injini inafanya kazi karibu nami bila kuinuka kwenda kuuliza inapungukiwa nini. Siku ile niliisikiliza, nikavuta shuka.